Kuanza biashara ya nguo Dar kwa mtaji mdogo, na kudumu nayo mpaka miezi mibovu ipite

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye ana laki moja au laki mbili mkononi, anataka kuuza nguo, na kila akiuliza anaambiwa "nguo siku hizi kila mtu anauza". Ni kweli kila mtu anauza. Ila ukikaa kwenye hii biashara utaona wengi mlioanza nao hawapo tena, na hawakuondoka kwasababu nguo haziuziki, waliondoka mwezi wa pili au wa tatu pale mauzo yalipolala na hawakuwa na kitu chochote cha kuwaonyesha kwamba kesho inakuja. Mimi naamini kabisa kukomaa sio swala la kuzaliwa na roho ngumu, ni swala la kujiandalia mapema vitu vya kushika siku usipouza. Daftari, akiba, kalenda, watu. Ukiwa navyo matumaini yako yanakuwa na mguu wa kusimamia, ukiwa huna utabaki kusikiliza maneno ya motisha asubuhi na jioni moyo umeshuka tena.

Nazungumzia Dar mana ndo naijua, na zaidi mtumba wa watoto, alafu mbele kidogo nguo za kushona. Mtu wa Mwanza au Mbeya abadilishe majina ya masoko tu, hesabu ni ileile.

HATUA YA 1: Chagua nguo moja na mtu mmoja

Usianze na jinzi, madera, viatu, mikoba na mashuka kwa pamoja. Mtaji wa laki mbili ukiugawa kwenye vitu vitano unakuwa huna chochote, mteja anakuja anataka jinzi saizi 32 wewe una tatu na zote ni 38, anaondoka na harudi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni nguo za watoto wa miaka 2 mpaka 6. Sababu ni rahisi, mtoto anakua. Mama aliyenunua gauni mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja gauni limepanda juu ya magoti, atatafuta lingine atake asitake. Mtu mzima anaweza kukaa na shati moja miaka minne. Alafu mtoto hana habari za umbo, hamna nyonga, hamna kifua, ukijua urefu wake umemaliza. Hapa kuna kitu wengi hawakijui, nguo nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya zimeandikwa namba kama 92, 98, 104, 110, 116, na wauzaji wengine wanaziona kama namba tu za kiwandani. Hizo ni sentimita za urefu wa mtoto. 92 ni kama miaka miwili, 98 mitatu, 104 minne, 110 mitano, 116 sita. Ukilijua hilo mama akikwambia "mwanangu ana miaka minne ila mfupi" unampa 98 bila kubahatisha, na akifika nyumbani nguo imemkaa sawa ndo anakuamini.

Kitu kimoja cha kukwepa kabisa ni nguo za ndani za mtumba. TBS, lile shirika la viwango, walishapiga marufuku kitambo, na wakipita mzigo unachukuliwa wote. Usiguse hata kama bei inavutia.

HATUA YA 2: Gawa hela kabla hujatoka nyumbani

Tuchukulie una 200,000. Igawe mafungu matatu ukiwa bado umekaa kitandani, sio ukiwa umesimama sokoni na kelele zimekuzunguka. 120,000 ya mzigo. 30,000 ya nauli, sabuni, hanga na mifuko. 50,000 iliyobaki ni akiba, iweke kwenye laini ambayo haina matumizi mengine, sio ile unayonunulia vocha na luku.

Najua hiyo 50,000 itakuuma. Utaona kama umelaza hela ambayo ingekuwa mzigo. Lakini hiyo ndo itakayokufanya usiuze nguo ya 5,000 kwa 2,000 siku ambayo hujauza kitu na nyumbani hamna unga. Watu wengi biashara haikuwafia kwa hasara, iliwafia kwa kuuza kwa hofu. Mteja ana macho bwana, akiona umekata tamaa anashuka bei mpaka chini ya uliyonunulia, na wewe unakubali kwasababu unawaza jioni.

HATUA YA 3: Kuchagua mzigo

Karume pale Ilala ndo shule ya mtumba Dar nzima, japo Manzese na Tandika pia kuna mzigo. Nenda asubuhi mapema sana, belo zinafunguliwa watu wamejaa na nguo nzuri zinaondoka kwanza. Ukifika saa nne unachagua zilizoachwa na wenzako.

Usinunue belo mzima mwanzoni. Belo la kawaida ni kilo 45, limefungwa, hulifungui mpaka umelipa, na ndani unaweza kukuta nusu ni nzuri au unaweza kukuta za kufutia vioo vya gari. Mtu mwenye mtaji mkubwa belo baya anafidia na belo zuri linalofuata, wewe ukipata baya moja safari imeishia hapo. Nunua kwa kuchagua, moja moja, hata kama kwa moja inakuwa ghali kidogo, mana unalipia uhakika. Baadaye mkiwa watatu mnaoaminiana mnaweza kuchanga belo mkagawana, ila mkubaliane kabla ya kukata kamba nani anachagua kwanza, urafiki mwingi umeishia kwenye lile rundo.

Kukagua kuna utaratibu wake na ukizoea inakuchukua sekunde chache. Inua nguo juu kwenye mwanga, tundu dogo linaonekana hapohapo. Angalia kola na kwapani, doa la jasho la zamani halitoki hata ufanyeje. Suruali geuza uangalie mshono wa katikati. Zipu panda nayo shuka nayo mara mbili. Vuta lastiki ya kiuno, ikilia kama karatasi au ikibaki imelegea iache, ukimuuzia mama suruali inayomdondoka mtoto shuleni umempoteza huyo mama na shoga zake wote. Kitufe kimoja kupungua sio tatizo, hilo ni punguzo lako, mwambie muuzaji "hii haina kifungo" akupunguzie na wewe ukaweke nyumbani.

Jenga mazoea na wauzaji wawili watatu haohao. Salamu, kununua kidogokidogo, kutokuwa mtu wa kelele. Ukizoeleka unafika unakuta amekutolea pembeni za watoto kabla watu hawajamwaga mikono.

HATUA YA 4: Nguo usiiuze kama ulivyoinunua

Faida yako kubwa iko hapa kuliko kwenye kuchagua. Nguo ileile ya rundo, ikifuliwa, ikapigwa pasi, ikatundikwa kwenye hanga, inapanda bei na hamna mtu anakulalamikia. Ile harufu ya mtumba inatoka ukiloweka kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya sabuni, alafu uanike juani mpaka ikauke kabisa. Doa la kutu weka limau na chumvi ukaanike. Rudishia vifungo, kata nyuzi zinazoning'inia, shona mishono iliyoachia. Kazi hii inachosha na ndo mana wengi hawaifanyi, na ndo mana wewe uifanye. Na kuna faida nyingine ya moyoni, siku ya mvua ambayo huwezi kutoka unafua na kupiga pasi na kushona vifungo, siku haijapotea, umefanya kazi ya biashara yako, na mtu anayeona mzigo wake unapendeza anapata nguvu ya kutoka kesho.

HATUA YA 5: Hesabu ya kweli, hata kama ndogo

Tuendelee na ile 120,000. Tuseme umechagua nguo kwa wastani wa 2,500, umepata 48. Hazitauzika zote kwa bei moja, usijidanganye. Chukulia 30 nzuri zimeenda kwa 5,000 ni 150,000. 12 za kati kwa 3,500 ni 42,000. 6 za mwisho ambazo hazikupata mtu umezitoa kwa 2,000, chini ya ulivyonunua, ni 12,000. Jumla 204,000. Toa 120,000 ya mzigo imebaki 84,000. Toa nauli, sabuni na mifuko tuseme 24,000, faida ni 60,000.

Kama imekuchukua wiki tatu basi ni 20,000 kwa wiki. Hapo ndo watu wanavunjika moyo, anasema nimehangaika wiki tatu kwa elfu sitini? Sasa nisikilize. Kwenye hiyo 60,000 jilipe 20,000, ndio, jilipe, mana usipojipa mshahara utajiibia kidogokidogo bila kujua. 10,000 ongeza kwenye akiba. 30,000 ongeza kwenye mzigo, mzunguko unaofuata unaingia sokoni na 150,000, ni nguo 60 badala ya 48. Mtaji umekua robo nzima. Ukiangalia ile 20,000 ya mfukoni peke yake utalia, ukiangalia zile nguo 12 zilizoongezeka unaona unapoelekea. Na nasema hivi sio kukufariji, ni hesabu, ipige mwenyewe na bei za kwako.

Nguo iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja na nusu itoe, iuze kwa bei uliyonunulia au chini kidogo. Usiipende nguo. Hela iliyolala kwenye hanga haikununulii nyingine.

HATUA YA 6: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema na hamna cha kuongeza hapo. Ila mimi nakutaka uandike na vitu ambavyo sio hela.

Kila siku andika ulichouza na bei, matumizi yote mpaka chai, na alafu andika vitu vitatu. Watu wangapi walisimama wakagusa nguo. Waliuliza nini ambacho huna. Na mteja gani amerudi, yaani aliyenunua zamani leo kaja tena, muandike kwa jina, mama Zawadi, dada wa saluni, yule wa chapati.

Hii ya wateja waliorudi ndo kipimo ninachokiamini kuliko mauzo. Mauzo yanapanda na kushuka kwa sababu ambazo huna uwezo nazo, mvua, ada za shule, mishahara imechelewa. Lakini mtu kurudi kwako wakati meza za nguo zimejaa barabara nzima, huyo amekuchagua. Ukiwa na majina kumi ya waliorudi, una biashara, hata kama leo umerudi nyumbani na buku tatu. Usiku ukiwa umechoka na unawaza kuacha fungua huo ukurasa wa majina usome. Ndo mana nikasema matumaini yawe na ushahidi, daftari ndo ushahidi wenyewe.

HATUA YA 7: Jua kalenda ya nguo

Mtu aliyeanza mwezi wa kumi na mbili anaona biashara ni tamu, Januari anapigwa na butwaa anadhani amerogwa. Hajarogwa. Januari hela zote za watu zimeenda kwenye ada, madaftari na nauli za kurudi kutoka kijijini. Ila mwezi huohuo mashati meupe na sweta za shule zinatembea, kwaiyo katikati ya Desemba wakati wenzako wanauza za sikukuu wewe anza kukusanya mashati meupe kidogokidogo.

Februari ni mwezi mgumu, ujue tu, na usiongeze mzigo. Masika yanaanza mwezi wa tatu mpaka wa tano, watu hawatembei sokoni, tope, foleni, ila masweta na vijaketi vya watoto vinaulizwa. Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, miaka hii Idi ya Fitri imekuwa ikiangukia mwezi wa tatu na wa nne, maana yake msimu mkubwa kabisa wa nguo za watoto umekutana na mvua, kwaiyo lazima ujipange uuze kupitia simu na kupeleka mpaka mlangoni, usisubiri watu waje. Wiki mbili za mwisho za mfungo mama wengi wananunua hata ambao mwaka mzima hawajanunua kwako. Na wa Idi wanataka nguo inayong'aa, gauni lenye lesi, kishati na suruali yake, sio tisheti ya kuchezea.

Mwezi wa sita na wa saba Dar kunakuwa na kaubaridi na shule zinafunga, wageni wa mikoani wanakuja. Kama una ndugu Mtwara au Lindi, kuanzia mwezi wa kumi minada ya korosho ikianza hela inaingia kule, mfuko wa nguo nzuri ukitumwa kwa basi unaisha haraka kuliko hapa mjini. Novemba na Desemba hazihitaji maelezo.

Ukiiandika kalenda hii ukaibandika ukutani, Februari ikifika haikutishi. Ulishaijua, ulishaiwekea akiba. Ndo tofauti kati ya mtu anayevumilia na mtu anayeteseka.

HATUA YA 8: Siku usipouza, uliza swali sahihi

Hapa naomba usome taratibu mana ndo pamebeba kila kitu. Kuna uvumilivu wa maana na kuna ung'ang'anizi, na kwa nje vinafanana. Mtu anakaa sehemu mbovu na bidhaa mbovu mwaka mzima anasema nakomaa. Kukomaa na kitu gani? Angalia daftari lako la waliosimama na waliogusa.

Kama watu hawasimami kabisa lakini hao wachache wanaosimama wananunua, tatizo ni sehemu. Nguo zako ni nzuri, hazionekani. Hama, hata mita hamsini, sogea kituo cha daladala wanaposhukia, nenda nje ya kliniki siku ya watoto kupimwa uzito ukiomba ruhusa vizuri, nenda siku ya gulio.

Kama wanasimama, wanagusa, wanauliza bei alafu wanaondoka, ni bei au ubora. Fuatilia anayeondoka ananunua wapi, kama kwa jirani anapata ileile kwa buku moja chini basi umejua. Kama jirani anauza bei yako na bado wanaenda kwake, angalia nguo zako zimepigwa pasi? Unawaangalia usoni au uko kwenye simu?

Kama wanasimama lakini hawagusi, bidhaa yenyewe haihitajiki pale. Mtaa wa wanafunzi wa chuo haununui gauni la mtoto wa miaka mitatu.

Kila jibu lina dawa yake na hamna hata moja ambalo dawa yake ni kuacha biashara ya nguo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kipe wiki tatu nne, andika, linganisha. Ukibadilisha sehemu, bei na bidhaa kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia. Mtu akifanya hivi miezi sita, amebadilisha na kuandika kwa uaminifu, na bado majina ya waliorudi hayajafika hata matano, hapo nitamwambia akae aongee na watu waliomtangulia aangalie labda auze kitu kingine. Lakini wengi ninaowaona wameacha hawakufika huko, waliacha wakiwa wamejaribu sehemu moja na bei moja.

HATUA YA 9: Simu yako ni meza ya pili

Piga picha mchana nje kwenye kivuli, nguo imetundikwa ukutani pasafi, sio kitandani. Weka bei kwenye picha. Hii ya kuandika "bei njoo inbox" inafukuza watu, mama aliye kazini hana muda wa kubembelezwa. Andika umri, urefu na bei, basi. Picha nne tano kwa siku kwenye status ya WhatsApp zinatosha, ukiweka arobaini watu wanakupita bila kuangalia.

Wateja wa status wanatokana na lile daftari, kila anayenunua muombe namba na mwambie "nikipata za saizi ya mwanao nakutumia". Alafu kweli umtumie, yeye peke yake, picha mbili za saizi hiyo.

Malipo angalia salio lako mwenyewe, usiangalie meseji anayokuonyesha mtu kwenye simu yake, na hata meseji iliyoingia kwako hakikisha imetoka kwenye mtandao wenyewe na sio namba ya mtu. Mkoani tuma mzigo hela ikishaingia, na mzigo wa basi chukua risiti, andika jina na namba ya mpokeaji kwa peni ya wino mzito, mpigie picha risiti umtumie.

HATUA YA 10: Hela za watu

Mkopo wa kausha damu usiguse. Nguo inazunguka kwa wiki tatu, wao wanataka marejesho kila siku au kila wiki, hesabu haikutani hata uwe hodari vipi. Na zile za kwenye simu angalia sana, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu za mikopo mtandaoni zisizo na leseni, na watu wengi walikuwa tayari wameshadhalilishwa mpaka kwa ndugu zao.

Zipo njia nyingine. Kikoba cha watu mnaojuana. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 na ikarudi 2024, mnajiunga kikundi mnaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii. Inachukua muda na inataka makaratasi ila inafaa kufuatilia, na daftari lako litakusaidia hata huko.

Kama huna hata hiyo laki, anza uwinga. Pale Kariakoo mawinga wanauza mzigo wa duka la mtu na kinachozidi bei ya dukani ni chao. Huhitaji mtaji, unahitaji miguu, mdomo mzuri na uaminifu. Ukiaminika mwenye duka anakupa mali kauli, unaenda kuuza unarudisha hela yake. Siku ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa, hata kama hujauza zote rudisha ulichonacho na nguo zilizobaki, usizime simu. Mali kauli ni mtaji ambao watu wengi wamekua nao kuliko benki.

Na wewe kukopesha? Wateja waliorudi zaidi ya mara tatu tu, na usizidishe nguo moja mpaka ailipie. Sema kwa upole, "mama angu, mzigo na mimi nadaiwa", inatosha.

HATUA YA 11: Mambo yaliyo nje ya uwezo wako

Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Oktoba mwaka huohuo machinga Dar wakaondolewa barabarani. Januari 2022 Karume ikaungua usiku wa kuamkia Jumapili, watu wakafika asubuhi wanakuta majivu. Ukienda Karume leo kuna watu wanauza.

Waliosimama haraka walikuwa na vitu ambavyo na wewe unaweza kuviandaa kuanzia wiki hii. Usilaze mzigo wote sehemu moja, nusu ikae nyumbani. Hela ya mauzo isilale kwenye droo ya meza. Namba za wateja ziandikwe na kwenye daftari, sio kwenye simu peke yake. Na jirani zako wa meza wajue kwako na wewe ujue kwao, mana siku ya tatizo wa kwanza kukupigia ni huyo.

Makaratasi usiyaogope pia. TIN, ile namba ya mlipakodi, inatolewa bure, na mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 kodi ya mapato ni sifuri. Ingia mapema ukiwa mdogo, uende mwenyewe ukaulize, kuliko kukimbizana ukiwa umeshakua.

HATUA YA 12: Mguu wa pili, kushona

Mtumba una maneno yake, 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana uondolewe taratibu, Rwanda ikapandisha ushuru kweli, sisi na wengine tukarudi nyuma. Hakuna anayejua miaka kumi ijayo. Kwaiyo mtaji ukifika sehemu ambayo unaweza kutoa elfu hamsini bila kutetereka, anza kushona kidogo.

Huhitaji cherehani. Tafuta fundi mmoja makini, nunua kwake vile vipande vya vitenge vinavyobaki, gauni la mtoto wa miaka mitatu linaingia kwenye vipande viwili vilivyounganishwa kwa akili. Kabla ya kununua kitambaa chomoa uzi mmoja uuchome, wa pamba unabaki majivu laini, wa plastiki unayeyuka na kuganda kama kijiwe, na mtoto kwenye joto la Dar anataka pamba. Shona matano tu ya saizi zile ambazo daftari linasema zinaulizwa sana. Matano yakiisha shona manane.

HATUA YA 13: Frem, ukiwa tayari

Watu wanakimbilia frem kwasababu inaheshimisha. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shelfu, taa, midoli, mtaji umeisha na mzigo hamna. Subiri mpaka faida ya miezi sita mfululizo, ikiwemo Februari, ingeweza kulipa kodi hiyo na bado ukajilipa.

Ukishaipata unayoitaka usilipe siku hiyo. Kaa ng'ambo ya barabara Jumanne moja na Jumamosi moja, kuanzia saa tisa mpaka saa moja jioni, uangalie wanaopita ni akina nani, wana watoto, wamebeba mifuko, au wanapita mbio kuwahi daladala. Alafu muulize muuza chipsi wa pembeni aliyekuwa kwenye ile frem kabla alikuwa anauza nini, alikaa muda gani, na kwanini aliondoka. Akikujibu bila kuzunguka, rudi kwa mwenye nyumba muongee bei, uombe kulipa miezi mitatu ya kwanza, na mwandikishane.